Nani Aliufuta Mwisho wa Saba?

"Huyu mfua chuma kamlisha nini huyu msichana?" Mzee Wilmar aliuliza, akaachia kipanya kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. "Mara ya tatu hii! Namwambia avuke mto, anarudi kwa mfua chuma. Namwambia tena avuke, anarudi kwa mfua chuma!"

Majirani waliokuwa wakisubiri zamu zao walicheka. Rosina hakucheka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi ya mwezi wa saba, na baridi ya Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, ilikuwa imepenya mpaka ndani ya soksi. Katika nyumba ile kuukuu ya mtaa wa Palermo, watu sita walikuwa wamemaliza miaka mitatu wakitengeneza mchezo mmoja wa kompyuta, mchezo wa mashujaa, mazimwi na malkia wachawi. Siku hiyo waliwaalika majirani na ndugu waje kuujaribu kabla haujakabidhiwa kwa wasambazaji siku ya Jumatatu. Mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo, kama ilivyo desturi ya huko siku za mvua, mikate ya kukaanga haikukosekana, na kibuyu cha yerba, chai yao chungu ya majani, kilizunguka mkono kwa mkono pamoja na mrija wake.

Rosina Bentancor alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, Mzee Wilmar, daftari mkononi. Hadithi ya mchezo ule ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyemzaa Ainara, mpiga upinde wa kijiji cha milimani, na yeye ndiye aliyepanga jinsi kila uamuzi wa mchezaji utakavyozaa uamuzi mwingine. Ukimpa mkate kikongwe wa sura ya pili, lango linakufungukia katika sura ya tisa. Ukimnyima, lango halifunguki, na utapita mapangoni na popo. Njia zilitawanyika hivyo kama mizizi ya mti hadi kufikia miisho tisa. Na katika miisho hiyo tisa, wa saba ndio alioupenda kuliko yote: Ainara anamwacha mchumba wake Tobías, yule mfua chuma, anavuka mto na kwenda kujifunza uganga kwa Malkia wa Ng'ambo.

"Baba, umebonyeza wapi?"

"Nimebonyeza penye maneno 'Vuka mto'. Nimeuza nyama Las Piedras miaka arobaini, binti yangu, sijawahi kumkatia mteja paja aliyetaka mbavu. Kusoma najua."

"Hebu sogea kidogo."

Rosina aliinama, akabonyeza mwenyewe. Kwenye skrini kivuko kiliondoka, ukungu ukatanda juu ya maji, muziki ukapanda. Kisha skrini ikawa nyeusi. Ilipowaka tena, Ainara alikuwa amelala kando ya tanuru, na Tobías alikuwa akimfuta jasho usoni. Maneno yakatokea chini: *Tulia, mpenzi. Ulikuwa unaota tu.*

Rosina aliyasoma mara mbili. Hakuwa ameyaandika yeye.

Aliinua macho polepole, akamtafuta Yamandú.

Yamandú Techera alikuwa upande wa pili wa chumba, karibu na dirisha, akimwonyesha mama mmoja namna ya kumgeuza farasi. Yeye ndiye aliyeyachukua maandishi ya Rosina na kuyafanya yatembee, yaseme, yapigane. Kwa miaka mitatu mikono yake mirefu ilikuwa ikiyapitia maneno yake kila siku, na kwa muda huohuo mikono hiyo ilikuwa imezoea shingo yake, nywele zake na mgongo wake. Rosina alimjua mtu huyu hata kwa namna anavyokohoa. Kwa hiyo macho yao yalipokutana, naye akayakimbiza kwenye dirisha kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Yamandú," aliita. "Jikoni."

"Rosi, nipe dakika moja, huyu mama..."

"Jikoni. Sasa hivi."

*

Jikoni kulikuwa kudogo, kumejaa mvuke wa mafuta. Rosina aliufunga mlango kwa kisigino.

"Nani ameufuta mwisho wa saba?"

"Haujafutwa. Tumeurekebisha."

"Nani ame-u-fu-ta?"

Yamandú aliegemea sinki. "Nisikilize. Wewe unaandika sentensi moja, 'Ainara anafika ng'ambo', umemaliza. Sisi kwa sentensi hiyo tunatakiwa kujenga mji mzima. Picha, sauti, muziki, watu wa kutembea barabarani. Kila tawi unaloongeza ni wiki tatu za watu wawili. Hatukuwa na muda. Kila mtu katika kazi hii anafanya hivyo, unaacha njia ziachane, kisha unazikutanisha mbele."

"Usinifundishe kazi yangu! Kukutanisha njia najua. Nimekukutanishia njia arobaini na sikulalamika. Lakini pale mchezaji amebeba uamuzi wake kwa saa kumi na mbili nzima za kucheza. Amelia, amefikiria, amechagua. Halafu wewe unamwambia alikuwa anaota? Ningekuwa mimi ningeitupa kompyuta dirishani. Mtu akishajua kwamba ulimuuliza na hukuwa na nia ya kusikia jibu, hatakuamini tena, Yama. Hata ukimuuliza jina lake."

"Picha za mji hazikuwa tayari."

"Leticia alizichora zote, akazimaliza mwezi wa tano. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Tulikula keki."

Yamandú alianza kuvuta mikono ya sweta lake.

"Na Jumanne nilikuuliza. Nilikuuliza hapahapa, ulikuwa umevaa sweta hilohilo. Nikasema, miisho yote tisa imeingia? Ukaniambia, yote, mpenzi. Ukanibusu hapa." Aligonga paji la uso wake kwa kidole. "Ulikuwa unanibusu au unapiga muhuri?"

"Rosi..."

"Usiniite Rosi! Kwa nini huo? Kulikuwa na miisho tisa. Ungeweza kukata ule wa zimwi, hakuna anayeupenda ule. Kwa nini huo?"

Yamandú alimtazama, na katika macho yale Rosina aliona kitu ambacho hakukitarajia. Aliona hasira. Si aibu, hasira, tena ya siku nyingi. Midomo ya Yamandú ilifunguka, lakini kabla hajasema, mlango ulifunguliwa, na Mzee Wilmar akaingia na birika.

"Maji yamekwisha," alisema mzee. Akawatazama mmoja mmoja. Kukaa kimya ingekuwa busara, lakini Mzee Wilmar hakupata kusifiwa kwa jambo hilo. Alimwelekezea Yamandú kidole. "Na wewe, kijana. Uliniambia wewe ni mwanamume wa neno lako. Hata kwenye mchezo umeshindwa kumwacha aende?"

Rosina akawageukia wote wawili.

"Neno gani?" Rosina aliuliza.

Mzee alianza kuchunguza birika lake.

"Baba. Neno gani?"

"Aa, maneno ya wanaume tu, binti yangu. Ya zamani."

"Don Wilmar," Yamandú alisema kwa sauti ya chini, "umeshaanza. Malizia."

"Mimi nimalizie? Mwenye kuahidi ni wewe!"

"Na mwenye kutoa siri ni wewe, mzee wangu."

Kulikuwa na siri moja tu ambayo Rosina aliwahi kumpa baba yake mwaka ule. Mwezi wa nne kampuni moja ya Barcelona ilimwandikia: walikuwa wamesoma kazi zake, walimtaka, mkataba wa miaka mitatu, nyumba, tiketi. Alimweleza baba yake peke yake, tena kwa kumshika mkono. *Usimwambie mtu, baba. Hata Yamandú. Nataka kwanza niwaze mwenyewe.*

"Ulimwambia," alisema.

"Nilimwambia kwa faida yako," Mzee Wilmar alijitetea. "Ile Jumapili ya nyama choma, nyumbani. Nilimwambia, sikiliza, kijana, mimi sikufichi, sikupendi sana. Una miaka thelathini na miwili na unacheza michezo. Lakini kama unampenda binti yangu, usimfunge. Mwache aende zake Hispania akawe mtu. Akasema sawa, akanipa mkono. Basi, kosa langu liko wapi?"

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa... ulikuwa unakata saladi."

"Nilikuwa nakata saladi!" Sauti ya Rosina ilipanda hadi majirani chumba cha pili wakaacha kutafuna. "Mita tatu kutoka kwenu! Mlikuwa mnanigawana pale kwenye moto kama mbavu za ng'ombe, huyu achukue, huyu aache, na mimi nawakatieni saladi! Hakuna aliyeona dirisha liko wazi akaniita? 'Rosina, njoo, tunazungumza habari zako'?"

"Binti yangu, mimi ni baba yako."

"Ndiyo. Ndiyo maana nilikuambia wewe. Sikuliambia gazeti."

Mzee Wilmar aliiweka birika juu ya meza. Akatoka taratibu na kuurudisha mlango.

*

Walibaki wawili. Mvua iligonga bati la dirishani.

"Miezi mitatu," Yamandú alisema. Sasa sauti yake nayo ilikuwa imebadilika. "Umemaliza kunifokea? Sasa nisikilize na mimi. Miezi mitatu nilikuwa najua, na miezi mitatu nilikuwa nangoja uniambie. Kila asubuhi ukikaa pale kitandani ukifunga viatu, nilisema, leo. Leo ataniambia. Unaniambia kiatu kimebana. Unaniambia tununue balbu. Mimi ninalala na mtu mwenye tiketi mfukoni, anazungumza habari za balbu!"

"Nilitaka kuwaza."

"Ukawaza kwa maandishi! Ukaniletea mwisho wa saba. Mwanamke anaamka alfajiri, anamwacha mwanamume wake amelala, hamwambii hata neno, anavuka maji. Ukaniwekea mezani ukasema, 'Yama, hii itengeneze vizuri, naipenda sana.' Nitengeneze vizuri! Nikae wiki tatu nikikujengea kivuko cha kuniacha nacho! Ulidhani sitajiona? Hata ule mkono wa Tobías wenye kovu la moto ni mkono wangu huu." Aliuinua. Kovu lilikuwepo, la utotoni, jekundu kwa sababu ya baridi. "Nilijaribu, naapa. Nilianza mara nne. Kila nikifika pale kivuko kinapoondoka, nashindwa kupumua. Basi nikafuta. Ndiyo, mimi. Nikaandika kwamba alikuwa anaota, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa naomba iwe."

Rosina alitamani kulishika lile kovu. Alitamani vilevile kuuchukua mkono huo na kumpiga nao usoni.

"Nilikataa," alisema.

"Nini?"

"Barcelona. Nilikataa. Mwezi wa nne huohuo, wiki moja baada ya barua yao. Niliwaandikia nikawashukuru, nikasema siwezi, nina kazi hapa na nina mtu. Sikukuambia kwa sababu nilijua utajisikia vibaya kila ukiniona nimechoka. Nilitaka niubebe mzigo huo mwenyewe."

Aliuona uso wa Yamandú ukibadilika. Kwanza mshangao. Halafu, kutoka ndani, polepole, ikapanda furaha, furaha tupu ya mtu aliyefutiwa hukumu, na pembe za mdomo wake zikaanza kuinuka.

"Usithubutu kutabasamu!" Rosina alipiga meza, kifuniko cha birika kikaruka. "Usithubutu! Nilisimama mbele ya mlango uliokuwa wazi nikaufunga kwa mkono wangu, kwa ajili yako, na haikuwa rahisi. Nililia bafuni na bomba limefunguliwa. Kisha nikajiambia, basi, angalau Ainara aende. Angalau mmoja wetu avuke. Hapo tu, Yama, mahali padogo pa karatasi, pa mchezo, ndipo nilipojipa ruhusa. Na wewe hukukaa na kuniuliza, Rosina, hii maana yake nini? Uliingia hata huko ukanirudisha nyumbani. Ukanifuta na jasho."

Tabasamu lilikufa kabla halijazaliwa.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza."

"Na wewe hukusema!"

"Sikusema. Kosa langu hilo, nalibeba. Lakini mimi nilificha kilicho changu. Wewe ulifuta kilicho changu. Si sawasawa."

Rosina alifungua mlango.

"Unarudisha. Leo."

"Siwezi. Maandishi niliyafuta."

"Chukua kwenye nakala."

"Nilifuta na nakala." Aliinamisha kichwa. "Niliogopa ningeyasoma tena."

Rosina alicheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Basi njoo ukae. Utaandika, mimi nitasema."

*

Majirani wenye adabu walikuwa wamekwisha kuaga wakijifunika mitandio, na wasio na adabu waliaga kwa kuwa Leticia aliwasukumia nje na sahani zao. Mzee Wilmar pekee ndiye aliyebaki, amekaa kwenye benchi la ukumbini, kofia magotini.

Yamandú alikaa mbele ya kompyuta. Rosina alisimama nyuma yake, palepale alipokuwa amesimama asubuhi nyuma ya baba yake. Kwa ukaribu huo alisikia harufu ya sabuni katika nywele za Yamandú, na moyo wake, usio na haya, ukamruka. Akarudi nyuma hatua moja.

"Toa ile ndoto."

Alitoa ile ndoto.

"Andika. 'Kivuko kiligusa ukingo. Mvushi akanyoosha mkono kudai malipo yake, na Ainara hakuwa na kitu ila pete ya uchumba. Akaivua, akampa.'"

Vidole vya Yamandú vilisimama juu ya kibodi.

"Pete haikuwepo katika maandishi ya mwezi wa nne," alisema.

"Sasa ipo. Andika."

Akaandika.

"'Akapanda ukingoni. Matope yalikuwa mpaka magotini. Alisikia sauti kutoka ukingo aliouacha ikimwita kwa jina.'"

"Hapa naikumbuka," Yamandú alisema bila kugeuka, sauti ikikwaruza. "Hapa anageuka nyuma. Anamwona Tobías, aliyeamka akamfuata hadi mtoni, anampungia mkono, mara moja tu. Niliusoma ule mstari mara nyingi sana, Rosina. Ndio uliokuwa ukinipa matumaini."

"Yule aliyegeuka umemfuta. Huyu hageuki. Andika."

Mabega ya Yamandú yalikuwa yakitikisika. Hakujifuta macho, kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini. Aliandika kwamba Ainara hakugeuka. Aliandika mpaka kwenye lango la mji, mpaka Malkia wa Ng'ambo aliposhuka ngazi kumlaki, na kila sentensi aliyoambiwa aliiandika kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza nukta. Kisha akaingiza picha za Leticia mahali pake, na muziki, na kufikia saa tisa alasiri ilikuwa tayari. Rosina akabonyeza *Vuka mto*. Kivuko kikaondoka, ukungu ukatanda, na skrini haikuwa nyeusi. Mji ukatokea, mweupe, ukiwaka jua.

Ulikuwa mzuri kuliko alivyowahi kuufikiria. Hilo nalo lilimkasirisha.

Alichukua koti lake akatoka bila kuaga.

Alikuwa amekwisha kufika kwenye kona, karibu na duka la mikate, aliposikia viatu vikipiga maji nyuma yake. Yamandú alikuwa amekuja bila koti. Mvua ilikuwa ikimshuka kwenye kope.

"Wamekuandikia tena?" aliuliza huku akihema. "Barcelona?"

Rosina alishangaa. "Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nauliza."

"Wiki mbili zilizopita. Nafasi bado ipo. Sijawajibu."

"Utakwenda?"

"Sijui." Na ilikuwa kweli. Hasira ilikuwa imemjaa kifua kizima, na chini ya hasira, mahali pa ndani sana, mapenzi yalikuwa bado yamekaa, yamejikunyata, hayana pa kwenda. "Nimekukasirikia mno, siwezi kujua. Nikikaa leo, nitakaa ili nikutese. Nikiondoka leo, nitaondoka ili nikutese. Sitaki kuchagua hivyo."

"Sitakuzuia."

"Usiniahidi kitu. Ahadi zako mpe baba."

Yamandú alikubali kwa kichwa. Meno yalikuwa yakimgongana kwa baridi. "Naomba moja tu. Ukijua, uniambie. Hata kama ni kwaheri. Nisije nikalisoma jibu lako hadithini."

Rosina alinyoosha mkono, akamfunga kifungo cha juu cha shati kilichokuwa wazi, kwa nguvu, karibu amkabe.

"Nitakuambia," alisema. "Wewe kwanza. Kabla ya baba."

"Nimesikia hilo," ilisema sauti nyuma yao. Mzee Wilmar alikuwa amesimama chini ya kibaraza cha duka la mikate, kofia mkononi, kichwa kimelowa.

"Ndiyo maana nimelisema kwa sauti, baba," Rosina akajibu, akainua kola ya koti lake, akavuka barabara peke yake.